Tope la Lualaba Ndani ya Motokari

Miaka ile nilikuwa fundi katika ateliye, karakana ya reli, hapa Kamina. Siku nzima nilifungua na kufunga breki za mabehewa na pampu za injini za moshi, na kila jioni nilirudi nyumbani na mafuta meusi chini ya kucha. Lakini nilichokitamani kilikuwa motokari. Mpya sikuthubutu hata kuiota, hizo zilikuwa za wazungu. Nilitaka ya zamani, iliyokufa, ambayo mwenyewe ameichoka. Nilitaka niinunue kwa akiba yangu, niifungue kipande kwa kipande nyuma ya nyumba, na siku moja niisikie ikinguruma.

Shida ni kwamba mimi si mtu wa kuamini. Marehemu mama yangu alilalamika tangu nikiwa mdogo kwamba nikipewa muhogo wa bure nauvunja kwanza nitazame ndani. Mtu aniuzapo kitu, najiuliza kwa nini anakitoa. Asipotaka kuniuzia, najiuliza anaficha nini.

Habari ya motokari niliipata kwa rafiki yangu, mchochea makaa wa gari la moshi liendalo Bukama. Tulikuwa tunakula pamoja wakati wa mapumziko, tumekaa juu ya mbao za reli.

“Kule Bukama kuko muzee mumoja, muntu ya Maniema, anauzisha samaki na chumvi,” akaniambia. “Iko na motokari nyuma ya nyumba. Imekufa. Anataka kuiuzisha.”

“Bei gani?”

Akanitajia. Nikaacha kutafuna. Ilikuwa ndogo mno, karibu bei ya baiskeli mbili tu.

“Na weye unapata nini mule?” nikamuuliza.

Alicheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu. “Minapata nini? Minakuambia sababu weye njo unatusumbua na mambo ya motokari kila siku.”

Nilimshukuru. Hata hivyo, mchana kutwa nikiwa kazini nilijiuliza yule mzee alimwahidi nini.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari la moshi kwenda Bukama. Pale unaposhuka tu, harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi inakupokea kabla ya watu. Duka la mzee lilikuwa kwenye njia ya kwenda mtoni. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, amevaa kanzu nyeupe na kofia, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Tulisalimiana vizuri, nikamwambia nimekuja kuitazama motokari. Alinipeleka uani bila kuniuliza mimi ni mtoto wa nani wala nina fedha kiasi gani, na jambo hilo nalo sikulipenda. Mfanyabiashara asiyeuliza!

Motokari ilikuwa chini ya kibanda cha nyasi. Ilikuwa ya Kiamerika, ya kabla ya vita, na nyuma walikuwa wameikata wakaweka sanduku la mbao la kubebea magunia ya samaki. Rangi ilikuwa imebabuka, viti vimechanika, taa moja haipo. Hayo yote niliyategemea. Lakini nilipofungua mlango niliona kwamba mbao za sakafuni zilikuwa mpya, nyeupe, kama zimepigwa randa juzi juzi tu. Katika motokari nzima hakukuwa na kitu kingine kipya.

Nilichukua manivela, kile chuma cha kuzungushia injini, nikakisukuma kwa nguvu zangu zote. Injini haikusogea hata kidogo.

“Muzee, ilikufa namna gani?”

“Shofere wangu aliiendesha bila mafuta ya moteri. Moteri ikaungua.”

“Na hizi mbao?”

“Muchwa ilikula za zamani.”

Nilizunguka upande wa pili, nikapitisha kidole chini ya ukingo wa mlango. Kutu ilikuwa nyingi kupita miaka yake. Nikauliza habari ya maji, kama fundi yeyote anavyouliza:

“Haikuingia mu mayi, hii?”

Mkono wake uliokuwa unapapasa boneti ulisimama. Akavua miwani.

“Nani alikuambia mambo ya mayi? Uliongea na nani hapa Bukama?”

“Siongei na muntu, muzee. Miye fundi, ninauliza tu.”

“Haikuingia mayi. Na hiyo neno usiirudilie hapa kwangu. Unataka motokari, kamata. Hautaki, wacha.”

Mtu mwenye akili angerudi steshoni saa ileile. Nilirudi kweli, lakini wiki nzima niliiona ile motokari mbele yangu, hata nikiwa kanisani. Nilijiambia kwamba injini iliyoungua naijua, nitaitengeneza. Nilijiambia pia kwamba mzee anaficha kitu, na kwamba nikiinunua nitakijua. Sasa nikifikiri, naona hamu ya kujua ilinivuta sawasawa na hamu ya motokari.

Nilikwenda Bukama mara tatu kabla ya kutoa fedha. Safari ya tatu ilipofika, mke wangu alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yangu.

“Baba ya batoto, hiyo motokari iko na jina gani?”

“Jina namna gani?”

“Jina ya mwanamuke. Kila Siku ya Mungu unavaa shati ya kupiga pasi unaenda Bukama. Motokari imekufa, unasema. Sasa unajipambia nani?”

Nilimwambia aje nami. Alikuja kweli. Aliizunguka motokari mara moja, akatazama ndani, akamtazama mzee, kisha akaniambia kwa Kiluba, kwa sauti ya chini, kwamba afadhali ingekuwa mwanamke. Siku hiyo nililipa. Mzee aliandika karatasi ya mauzo kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili safi na herufi nzuri, mashahidi wawili wakatia alama. Hata zile herufi nzuri nilizitilia mashaka.

Motokari ilikuja Kamina juu ya behewa la wazi. Wenzangu wa ateliye walinisaidia kuisukuma kutoka steshoni mpaka nyumbani kwangu, huku watu wakitoka majumbani kutazama. Kabla ya jua kutua, polisi wa mtaa alikuwa amefika. Alisoma ile karatasi mara mbili, akaitazama juani, akaniuliza mtu wa reli anapata wapi motokari. Mtu mweusi mwenye motokari siku zile, hata iliyokufa, alikuwa mtu wa kuulizwa. Kazini mkuu wangu, mzungu ambaye tulipatana vizuri, alianza kukagua sanduku langu la vyuma kila nilipotoka. Aliinua spana moja moja, akazirudisha. Iliniuma, lakini sikuweza kumlaumu sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa namfanyia mzee wa Bukama vilevile kichwani mwangu.

Nilianza kuifungua. Kila baada ya kazi nilipata saa moja na nusu ya mwanga, na Jumamosi mchana zaidi. Kwanza nilitoa mafuta ya injini. Yalitoka mazito, meupe, kama chai ya maziwa. Mafuta hayawi hivyo bila kuchanganyika na maji. Nikatoa kifuniko cha chini, nikafungua kusinet, yale makombe laini ambamo mhimili wa injini unazunguka. Injini iliyoendeshwa bila mafuta huanza kuharibika hapo: kusinet zinayeyuka, zinakuwa nyeusi. Hizi zilikuwa na kutu kidogo pembeni, basi. Hazikuungua hata moja.

Kisha nikatoa pistoni. Ya tatu ilikataa. Nilipoipata hatimaye, niliona mkono wake, kile chuma kinene kinachoishika, umepinda kama kijiko cha bati. Nilikaa chini. Katika ateliye tuliwahi kuona chuma cha namna hiyo. Maji hayabanwi. Injini ikiyameza ikiwa inazunguka, pistoni inapanda, inakutana nayo, na chuma ndicho kinachokubali kupinda.

Mwisho nikafungua milango. Nyuma ya kitambaa cha ndani, chini kabisa, mlikuwa na tope la kijivu, laini, limekauka na kupasuka, limejaa vikonokono vidogo na vipande vya matete. Lilifika karibu nusu ya mlango.

“Njoo uone,” nikamwita mke wangu.

Alitazama, akashika kiuno. “Haikuingia mayi,” akasema, akimwigiza mzee kama nilivyomsimulia.

Sikulala vizuri siku zile. Zaidi ya fedha, kilichonichoma ni kwamba nilimuuliza waziwazi, na alinitazama usoni akakataa. Nilimwambia rafiki yangu mchochea makaa kwamba aliniuza kwa yule mzee. Alinijibu kwamba mimi ni mgonjwa, na kwa muda hatukula tena pamoja.

Jumamosi moja nilifunga kile chuma kilichopinda katika kipande cha gunia nikaenda Bukama. Nilikusudia kumwaibisha, na nilichagua saa ya soko ili watu wawepo. Dukani nilikuta wanawake watatu wananunua chumvi na mwanamume mmoja anapima samaki. Sikusalimu.

“Muzee, ulinidanganya!” nikasema kwa sauti, nikaweka chuma juu ya meza. “Motokari iliingia mu mayi. Ulijua. Weye muntu ya kusali, na ulikamata fedha zangu mbele ya bibi yangu.”

Nilingoja mzee apige kelele, anifukuze, aape. Hakufanya hata moja. Alikitazama chuma kwa muda mrefu, kisha akawaomba wateja wamsamehe, akawatoa taratibu, akafunga mlango wa duka. Tukabaki wawili katika giza dogo la mchana, mwanga ukiingia kwenye nafasi za mbao.

“Nielezeshe,” akasema. “Pole pole. Hii chuma inasema nini?”

Nikamweleza. Nilimwambia habari za kusinet ambazo hazikuungua, habari za mafuta meupe, habari za tope. Aliuliza maswali kama mtu anayemuuliza daktari juu ya mgonjwa wake.

“Kama ni kukosa mafuta, hii chuma haipindi?”

“Haipindi namna hii. Na kusinet zingekuwa nyeusi.”

“Unaweza kuapa?”

“Ninaweza kukuonyesha.”

Akakaa juu ya gunia la chumvi. Ndipo aliponisimulia. Alikuwa na shofere aliyemfanyia kazi miaka kumi na mmoja. Mwaka uliotangulia mzee alikwenda Kasongo kumzika ndugu yake, akamwachia mwanawe mkubwa duka na motokari. Aliporudi, injini ilikuwa imekufa. Mwanawe alisema shofere aliiendesha bila mafuta. Shofere alisema si kweli. Alisema mwana mwenyewe ndiye aliyeshika usukani bila kujua vizuri, akaikosa pantoni, kile chombo cha kuvushia magari mtoni, wakaingia Lualaba, na watu wakaivuta kwa kamba.

“Nikaenda kuitazama,” mzee akasema. “Kavu. Safi. Mbao mupya. Mutoto wangu akasema muchwa. Nikasema huyu shofere anataka kuchafua jina ya mutoto wangu. Nikamufukuza mbele ya bantu bote. Iko Luena sasa, anachimba makaa.”

Nilimuuliza kwa nini hakuwauliza watu wa pantoni.

“Niliona haya,” akajibu. “Kwenda kuuliza bantu kama mutoto wangu anasema bongo, ananidanganya?”

Alitaka kunirudishia fedha zangu. Nilimwambia nitafikiri. Akasema atakuja Kamina kuliona lile tope kwa macho yake.

Ndani ya gari la moshi nikirudi, nilianza kumtilia mashaka upya. Mfanyabiashara mzuri anajua kusimulia, nikasema moyoni. Amenipa hadithi ya mwana na shofere, nimetoka nimelegea, nimesahau hata kumwuliza lini atanilipa. Mke wangu naye alisema mzee hatakuja.

Alikuja baada ya siku tano. Alikuwa peke yake, kanzu ileile, mkononi ana mwavuli na furushi la samaki wa mke wangu. Alikataa kukaa. Nilimpeleka nyuma, nikavuta kile kitambaa cha mlango. Mzee alipiga magoti juu ya mchanga, akaingiza mkono ndani ya mlango, akatoa kipande cha tope. Alikivunja kiganjani. Alitenga vile vikonokono kwa kidole, kimoja kimoja.

“Hii ni ya pantoni,” akasema. “Huku kwingine mu mutoni haina hii.”

Kisha akalia. Alilia bila sauti, akiwa bado amepiga magoti, na mke wangu ambaye alikuwa amesimama mlangoni tayari kusema maneno yake makali aliingia ndani, akatoka na maji ya kunawa. Mimi nilibaki nimeshika kile kitambaa kama mpumbavu. Nilikuwa nimekwenda na ukweli wangu dukani kwake kama mtu anayekwenda na fimbo, na ulikuwa ukweli kweli. Ila sikumpiga yule niliyedhani nampiga.

Alipomaliza kunawa aliniomba kitu kimoja. “Ile chuma, utaihitaji?”

“Hapana, haitengenezeki tena.”

“Basi nipe.”

Akakifunga katika gunia lilelile nililorudi nalo kutoka Bukama. Nilimsindikiza steshoni. Habari ya baadaye nililetewa na rafiki yangu mchochea makaa, tulipokuwa tumepatana baada ya mimi kumwomba msamaha. Alisema gari lilipofika Bukama mzee alitazama dirishani, akawasalimu watu wake, na hakushuka. Aliendelea mpaka Luena.

Wiki tatu hivi zikapita. Jumapili moja baada ya misa nilimkuta mtu mrefu, mwembamba, amesimama kwenye uzio wangu. Vumbi la makaa lilikuwa limeingia katika ngozi ya kope zake.

“Weye njo fundi ya motokari ya Bukama?”

Nilijua mara moja ni nani, na mara moja nikawa na wasiwasi. Amekuja kudai nini? Labda mzee amempa motokari kama malipo ya aibu, na mimi nitabaki na karatasi yenye herufi nzuri. Nilisimama mlangoni bila kumkaribisha. Mke wangu alinisukuma pembeni akamletea kiti.

Akatusimulia. Mzee alifika kambini kwa wachimba makaa, akamuulizia mbele ya watu, akaingia kwake, akaweka chuma juu ya meza mbele ya mke wa shofere na majirani. Akasema, “Nilikukosea. Ulisema kweli na miye nikakuita mwongo.” Shofere hakumjibu mpaka alasiri. Mzee alingoja, amekaa nje kwenye ngazi.

“Ukamwambia nini?” mke wangu akauliza.

“Nikamwambia minamusamehe. Akaniomba nirudie kazi. Nikasema hapana. Miaka kumi na moja, mama. Miaka kumi na moja tulikula pamoja, na siku moja tu hakuniamini.” Akanigeukia. “Miye sikuja kukunyanganya. Ninataka tu kuiona.”

Aliiona. Aligusa usukani, akatikisa kichwa kwa jinsi nilivyoweka vipande vyangu juu ya magunia, akaniambia nimepanga vali kinyume. Ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyejua kwamba Kabongo kulikuwa na motokari nyingine ya aina ileile, imegonga mti na kuachwa, na injini yake nzima. Alikwenda mwenyewe, akarudi na mkono wa pistoni na taa. Kila Jumapili alipopata nafasi alipanda gari la moshi kutoka Luena. Mwanzoni nilikuwa nahesabu vyuma vyangu akishaondoka. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mkuu wangu alinifanyia hivyohivyo nami nikaumia. Baada ya muda niliacha.

Siku injini ilipowaka ilikuwa saa nne asubuhi. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu uliojaza ua mzima, majirani wakakimbia na nguo zao zilizoanikwa. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: nilijua kuitengeneza motokari, lakini sikujua kuiendesha. Shofere alinitazama nimekaa mbele ya usukani, mikono imeshika, miguu haijui pa kwenda. Alicheka mpaka akashika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

“Sogea,” akasema.

Alituendesha mimi na mke wangu njia ya Kabongo, mpaka pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya muhogo yanaanza, kisha akasimama akanipa usukani. Mke wangu alishuka. Alisema atarudi kwa miguu, na alitembea kweli.

Mzee nilimwendea mara moja tu tena, kwa gari la moshi, kumwomba radhi kwa kelele zangu za siku ile ya soko. Alinipa chai. Mwanawe alikuwa amehamia kwa wajomba zake upande wa Kasongo, na mzee alisema amemwandikia barua, jibu halijafika. Nilimuuliza jambo lililokuwa limebaki moyoni: kwa nini bei ilikuwa ndogo vile, kama hakujua kitu.

“Kila ninapoenda kutawadha, ninapita pale,” akasema. “Ninaiona. Nikiiona ninamukumbuka ule shofere. Nilitaka itoke tu.”

Sikumuuliza tena. Nilikunywa chai yangu, naye akaniuliza injini inanguruma namna gani sasa, kama ina ule mluzi wa zamani ikipanda mlima. Nikamwambia mluzi upo. Nikamwambia kama anataka, siku moja nitakuja nayo Bukama aisikie. Alifikiri, akakoroga sukari muda mrefu.

“Uje,” akasema. “Lakini mu njia ya juu. Usipite pantoni.”

Nilikwenda mwezi uliofuata, shofere akiwa kando yangu. Alikubali kuja mpaka barabarani, mbele ya duka. Mzee alitoka nje, akasimama na miwani yake ya uzi, na wale wawili wakasalimiana kupitia dirisha, mikono miwili kwa mikono miwili, wakaulizana habari za wake na watoto, moja baada ya nyingine, bila haraka, wakati mimi nimeshika breki kwa nguvu zangu zote kwa sababu pale mahali panateremka kuelekea mtoni.